Raba za waya kwenye faya woli ya gari la zamani: orijino, ya duara, ya kuchana au glendi?

Gari likishakula miaka yake, zile raba zinazopitisha waya kwenye faya woli, yaani lile bati linalotenganisha injini na ndani mnapokaa, huwa zimeshakufa hata kama kwa macho unaziona zipo pale pale. Zijaribu kwa ukucha tu. Raba nzima inabonyea na kurudi, iliyokufa ama imekuwa ngumu kabisa, ama inakuachia weusi kidoleni, ama ina nyufa ndogo ndogo shingoni pale waya zinapotokea, na ukizisogeza waya pembeni kidogo unaona mwanga wa upande wa pili. Ikifika hapo ni kubadilisha, hakuna cha kusubiri, ila sasa ndo unakutana na machaguo kibao: grometi (ndo jina la raba hizi) orijino mpya, orijino ya kutoa kwenye gari lililochinjwa, yaani lililofunguliwa kuuzwa vipuri, zile za duara za kawaida, zenye utando, za kuchana, kebo glendi, yaani kibanio cha kebo chenye nati, na wale wanaokwambia wewe minya silikoni umalize. Nitazilinganisha mbili mbili maana ndivyo mtu anavyochagua kiukweli, machaguo saba hayakai kichwani, mwishowe unabaki na mawili unakuna kichwa.

Kabla ya yote elewa kwamba grometi ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuikinga waya na ukingo wa bati. Bati la faya woli mara nyingi ni milimita 1 hivi au pungufu, tundu limekatwa na mashine na ukingo wake unabaki mkali, injini inatetemeka muda wote, waya inacheza mule ndani, ganda linalika taratibu mpaka shaba inagusa bodi, na bodi ya gari kwenye magari mengi ndo negativu yenyewe. Kwenye gari la kisasa kuna uwezekano mkubwa fyuzi ikakata. Kwenye la zamani usijipe uhakika huo, yapo magari mengi ya zamani ambayo waya nene inayotoka kwenye betri kuja kwenye ameta ya dashibodi inapita faya woli bila fyuzi yoyote njiani, karibu umeme wote wa gari unapita pale, hiyo ikigusa bati hakuna kinachokata, inaungua waya nzima pamoja na jirani zake wote kwenye waringi, yaani lile fungu la waya za gari. Kazi ya pili ni kuziba: maji, vumbi, joto, kelele, na hasa moshi, maana ekzosi ikiwa inavuja upande wa injini kaboni monoksidi inapenya ndani na haina rangi wala harufu, watu wanaumwa kichwa na kusinzia wakidhani ni uchovu wa safari.

Kwa hiyo kila chaguo utakaloona hapa chini liulize hivyo viwili, linakinga? linaziba? Vitu vingi rahisi vinafanya kimoja tu, na mtu anaridhika kwa sababu maji yameacha kuingia, kumbe waya bado inasuguana na bati chini ya silikoni.

Vipimo kwanza

Usinunue kwa kukadiria. Chukua venia kalipa, kile kifaa cha kupimia upana na unene, upime vitu vitatu. Pima upana wa tundu lenyewe raba ikiwa imetoka, usipime raba ya zamani kwa sababu imeshasinyaa, au kama imelowa oili imevimba, itakudanganya. Pima unene wa bati pale ukingoni, hiki ndo kipimo ambacho watu wengi wanakiruka, mfereji wa grometi unatakiwa ulingane na unene wa bati, na zile grometi za maboksi ya mchanganyiko nyingi mifereji yake ni ya milimita 1.5 mpaka 2, ukiitia kwenye bati la 0.8 inakaa lakini inacheza na maji yanapita kwa pembeni. Kinyume chake pia kipo, sehemu nyingine unakuta bati mbili zimelaliana, au kuna lile godoro la kuzuia kelele limefika mpaka kwenye tundu, mfereji mwembamba hapo haukubali, mdomo mmoja unaingia mwingine unagoma. Cha tatu ni unene wa fungu la waya likiwa na tepu yake.

Halafu angalia umbo. Kuna matundu ya duara, kuna ya yai, kuna yaliyokatwa kama herufi D ili raba isizunguke. Kwa hayo yasiyo duara usijaribu kulazimisha raba ya duara ikae, ni ama upate orijino, ama ukate kibamba cha bati kinachofunika tundu zima, ukifunge kwa skrubu na silanti, yaani dawa ya kuzibia, na kwenye kibamba hicho utoboe tundu duara la kipimo unachokitaka. Hiyo ya kibamba ni safi sana kwa gari ambalo paati zake zimeshaacha kutengenezwa.

Orijino mpya na orijino ya gari la kuchinjwa

Orijino mpya ikipatikana inashinda, sina maneno mengi hapo. Umbo linalingana na tundu, mfereji unalingana na bati, na nyingi zina shingo ndefu upande mmoja au pande zote mbili inayolivaa fungu la waya, shingo hiyo ndo inayozuia waya isipinde pale pale kwenye bati. Tafuta namba ya paati, mara nyingi imechongwa kwenye raba yenyewe, isafishe kwa kitambaa chenye sabuni utaiona. Shida zake ni mbili. Kwa magari mengi haiuzwi peke yake, inakuja na waringi nzima. Na hata ukiipata, haijachanwa, kwa hiyo lazima waya zitoke kwenye soketi ndo uivishe, hilo tutalirudia maana ndo penye mjadala wote.

Ya kutoa kwenye gari bovu watu wanaipenda sababu ni orijino na bei iko chini, lakini fikiria kidogo, gari lile lina umri ule ule wa lako, raba imepikwa na joto lile lile. Ukiweka raba ya miaka 30 mahali pa raba ya miaka 30 umefanya kazi ya bure. Ina maana pale tu kama umeitoa kwenye toleo la mwisho mwisho lenye tundu la aina hiyo hiyo, au raba ilikuwa upande wa mbali na ekzosi na ukiikunja katikati haioneshi ufa hata mmoja. Ikunje kweli, usiangalie tu. Na hilo liko hivyo hivyo kwa raba mpya iliyokaa stoo miaka mingi kwenye mfuko wake, raba inazeeka hata bila kufungwa, iangalie kabla hujalipa.

Ya duara iliyo wazi na ile yenye utando

Hizi ndo rahisi kuzipata na hapa watu wengi wanachukua isiyo sahihi. Ya duara ni pete yenye tundu katikati. Kwa kukinga ni nzuri sana, ukingo wa bati wote umefunikwa. Kwa kuziba inategemea tundu lake la kati linabana vipi, kama ni kebo moja ya mviringo na umechagua raba yenye tundu dogo kidogo kuliko kebo, inaziba vizuri tu. Ila ukipitisha waya sita zilizofungwa pamoja kwenye pete hiyo, katikati ya waya na waya kuna vijinjia, maji yanafuata humo humo. Unaweza kuikaza kwa nje ukaona imebana, ndani bado kunavuja.

Yenye utando imezibwa katikati kwa raba nyembamba, wewe unatoboa mwenyewe kulingana na waya zako. Mimi kwa waya za kuongeza, taa za ziada, redio, geji ya ziada, nachagua hii mara zote. Toboa tundu dogo kuliko waya ili raba iibane yenyewe, na kila waya ipewe tundu lake. Kitu kimoja cha kuzingatia, usikate msalaba kwa kisu. Mkato wa kisu una ncha, ncha ndo inayoanza kuchanika, baada ya muda utando unakuwa umefunguka mpaka ukingoni. Tumia panchi ya kutobolea ngozi, ile ya bomba, weka raba juu ya kipande cha mbao, gonga mara moja, kinatoka kiduara kisafi na ukipitisha waya unaona raba inajivuta kuifuata na kuizunguka yote bila kufunguka popote. Usipokuwa na panchi basi tumia msumari uliochongoka na uusukume polepole, afadhali kuliko kisu.

Utando una mpaka wake lakini. Kwa waringi kuu yenye waya 30 au 40 haufai, huwezi kutoboa matundu 40 na ukibaki na mawili matatu makubwa umerudi kwenye vijinjia vile vile.

Matundu ambayo hayatumiki tena, mfano alamu iliyotolewa au kebo ya choki isiyokuwepo, yawekee kizibo cha raba. Usiache wazi eti ni dogo.

Kuchana raba au kuchomoa pini kwenye soketi

Hapa ndo penye uamuzi mkubwa kwa waringi kuu. Raba mpya iko mkononi, waringi imepita, upande mmoja kuna injini na upande wa pili kuna soketi kubwa mbili tatu nyuma ya dashibodi. Ama uchomoe pini zote, uivishe raba nzima nzima kisha urudishe pini, ama uichane raba upande mmoja uivalishe kwa pembeni kama ilivyo.

Kwenye karatasi kuchomoa pini kunashinda, raba inabaki nzima haina mshono. Kwenye gari la zamani mimi siko upande huo, na sababu ni plastiki na maganda ya waya, raba haina kosa hapo. Soketi za zamani zimekauka, kile kijiulimi kinachofunga pini kinakatika ukikigusa na kifaa cha kuchomolea, na pini isiyofungwa itakuja kurudi nyuma yenyewe siku moja gari likiwa barabarani, hiyo hitilafu kuitafuta ni mateso. Waya zenyewe nazo hazitaki kukunjwa kunjwa. Kuna magari yanajulikana kabisa kwa hili, Mercedes-Benz za katikati ya miaka ya 1990 waringi zao za injini maganda yanapukutika yenyewe, Volvo za miaka ya 1980 nazo zilikuwa na tatizo hilo hilo, waringi ya namna hiyo kila unavyoivuta unazidi kuiua. Kama ukigusa ganda karibu na faya woli linamomonyoka, acha habari ya raba kwanza, shughulika na waya.

Kwa hiyo msimamo wangu uko hivi: soketi ndogo ya pini chache, yenye plastiki nzima, na una kifaa sahihi cha kuchomolea, chomoa, piga picha ya kila pini na rangi ya waya yake kabla hujagusa, uivishe raba nzima. Soketi kubwa, plastiki imepauka, chana raba. Raba nzuri iliyochanwa na kufungwa vizuri ni salama kuliko raba nzima iliyogharimu soketi.

Kuchana nako kuna namna yake. Kata kwa wembe mpya, mkato mmoja, na usikate wima moja kwa moja, ulaze wembe ukate kwa mshazari ili kingo mbili zilaliane, mshazari unajifunga wenyewe raba ikibanwa na bati. Mkato uelekeze chini ukifunga, maji ya faya woli yanashuka kutoka juu chini ya kioo, mkato ukiwa juu unayapokea. Kingo unaweza kuziunganisha kwa supa glu, inashika raba vizuri, ndo hiyo hiyo watu wanaungia oringi za kukata, zile pete za raba za kuzibia, ila iwe kidogo tu maana inakuwa ngumu pale kwenye mshono. Kwenye raba ya silikoni supa glu haishiki, usipoteze muda. Ukimaliza, shingo ya raba izungushie tepu kuanzia kwenye raba kwenda kwenye waya, halafu tai ya plastiki juu yake, ikaze wastani, ukikaza mpaka raba inajikunja umeunda mfereji mpya wa maji.

Na vile vijinjia vya katikati ya waya, kabla hujafunga tepu tenganisha waya kidogo pale zitakapokaa ndani ya shingo, uzipake butili, ile silanti nyeusi inayouzwa kama kamba laini isiyokauka, uibonyeze katikati ya waya mpaka zijae kisha uzikusanye tena. Hii ni hatua ambayo wengi hawaifanyi halafu wanashangaa raba ni mpya na kapeti bado linalowa. Maji yanasafiri kando ya waya vizuri sana, yanafika mpaka kwenye soketi za ndani na kwenye kompyuta ya gari kama lina kompyuta, unakuja kukuta pini zina kijani.

Kebo glendi na raba

Glendi inavutia, ina nati, ina uzi, ukiikaza inaibana kebo na inazuia hata kuvutwa, kitu ambacho raba haifanyi. Kwa kebo moja nene ya mviringo, mfano betri imehamishwa na kebo yake ya pozitivu inapita faya woli, au kebo yenye ganda moja la nje na waya kadhaa ndani yake, nachagua glendi kuliko raba bila kusita, kwa sababu kebo ya betri ikigusa bati ni moto na unataka kitu kisichoweza kutoka kwenye tundu hata kebo ikivutwa. Na hata ukiweka glendi, fyuzi kubwa karibu na betri iwepo.

Lakini glendi inataka tundu duara la kipimo chake, M20 inataka tundu la milimita 20 na kidogo, na inataka nafasi pande zote mbili ya kushika nati na spana, nyuma ya dashibodi nafasi hiyo mara nyingi hakuna. Fungu la waya zilizo huru haizibi, inabana za pembeni za katikati zinabaki na mianya, labda upate ile yenye kiini cha matundu mengi. Glendi za nailoni za kawaida pia usiziweke jirani na bomba la ekzosi, nyingi zinaandikwa mwisho nyuzi joto 100 hivi. Kwa kebo zinazocheza, kama ya akseleta, klachi au spidomita, glendi haifai kabisa, kebo hizo zinahitaji raba inayonyumbulika nazo.

Silikoni, foamu na ule mpira wa kingo

Silikoni ya kuminya peke yake: inaziba, haikingi. Waya iliyokuwa imelalia ukingo wa bati itaendelea kulalia ukingo huo huo ikiwa imefunikwa, tena sasa huioni. Juu ya hapo, zile zinazonuka siki zinatoa asidi wakati zinakauka, asidi hiyo inakula shaba na inaanzisha kutu kwenye bati. Kama unahitaji silikoni ya kusaidia raba tafuta isiyonuka siki, imeandikwa nyutro au salama kwa sensa.

Foamu ya kuvimba ya mafundi ujenzi usiweke kwenye gari, nasema hivi kwa moyo wote. Inashika moto kirahisi, ikichubuka inakaa na maji dhidi ya bati, na siku fundi anataka kuvuta waya mpya anakuta tofali ndani ya tundu, anabomoa na maganda ya waya.

Mpira wa kingo, ule wa kukata kwa urefu unaovalishwa kwenye ukingo wa bati, ni kinyume cha silikoni: unakinga, hauzibi. Kwa tundu kubwa la umbo la ajabu unaweza kuvalisha mpira wa kingo kwanza halafu ukajaza butili na kufunika na kibamba, hapo viwili kwa pamoja vinatosha.

Raba ya aina gani

Raba nyeusi zote zinafanana kwa macho ila hazifanani kazini. EPDM inavumilia joto, jua, maji na oili ya breki, ila oili ya injini na petroli zinaivimbisha. Hii ndo chaguo langu kwa faya woli nyingi kwa sababu adui mkubwa pale ni joto na hewa, na upande ule karibu na silinda masta oili ya breki ikidondoka haiidhuru. Nitraili, ile ya oringi nyingi, inapenda oili lakini ozoni iliyoko hewani inaipasua, iweke mahali ambapo kweli kunalowa oili na si kwingine. Niopreni iko katikati, haing'ari popote wala haifeli vibaya popote, kama injini yako inavuja jasho la oili na hujajua utaiziba lini, niopreni ni jibu la busara. Silikoni inavumilia joto kupita zote, nyuzi 200 haioni shida, lakini inachanika kirahisi, ukingo mkali wa bati ukiianza inaendelea yenyewe, kwa hiyo iwe karibu na ekzosi tu na ukingo uwe umepigwa tupa. PVC ndo iliyojaa kwenye maboksi ya bei ya chini, ikiwa mpya ni laini na inang'aa, joto la injini linaikausha inakuwa plastiki ngumu, ile ya ndani ya gari sawa, ya faya woli hapana.

Usipake grisi ya kawaida wala oili ya injini ili raba iteleze, kwa EPDM unaiua siku ya kwanza. Maji ya sabuni yanatosha.

Kufunga

Toa kichwa cha negativu kwenye betri, na kama gari lina eabegi subiri dakika kadhaa kabla hujaingiza mikono nyuma ya dashibodi. Raba ya zamani ikate itoke, usiing'ang'anie. Ukingo wa tundu ukiwa na kutu usifunge raba juu yake, piga brashi ya waya, piga tupa sehemu zenye meno, praima, rangi, iache ikauke kabisa. Kama unatoboa tundu jipya, nenda upande wa pili uangalie kwa macho kuna nini, busta ya breki, mabomba ya hita, waringi nyingine, drili haichagui.

Raba ngumu kuingia iloweke kwenye maji ya moto dakika chache, italainika. Na tundu likiwa mahali ambapo vidole viwili tu vinafika, tumia kamba: zungusha kamba nyembamba imara ndani ya mfereji wa raba, mzunguko mmoja na ncha zipishane, ncha zote mbili zipenyeze kwenye tundu zitokee upande wa pili, paka maji ya sabuni, msaidizi aisukume raba kwa gumba upande wake wakati wewe unavuta ncha moja taratibu kuelekea katikati ya tundu. Utauona mdomo wa raba unajikunjua juu ya bati, inchi kwa inchi, kufuata kamba inavyotoka, mpaka kamba yote inakubaki mkononi na raba imekaa. Bisibisi inachana raba, kamba haichani.

Upande wa injini waya ziache zishuke kidogo chini ya tundu kisha zipande kuingia, maji yakifuata waya yatadondokea pale kwenye pindo na hayatafika kwenye raba.

Baada ya hapo jaribu. Usiku, taa kali upande wa injini, wewe uko chini ya dashibodi kimya unatafuta nukta za mwanga. Halafu maji, hosi ya kawaida bila presha, na anza chini upande juu polepole, mtu akiwa ndani na tochi, ukianza juu maji yanashuka kila mahali na hutajua ni tundu lipi. Kapeti likilowa bila hosi kugusa raba, angalia kwingine: majani yaliyoziba mifereji ya chini ya kioo, lastiki ya kioo chenyewe, bomba la kutolea maji ya AC, au redieta ndogo ya hita ambayo yenyewe utaijua kwa maji yenye utelezi na harufu tamu na kioo kushika ukungu. Ukiona tone linatoka kwenye raba yako mpya, usiminyie silikoni juu yake, itoe uangalie ni mdomo upi haujakaa kwenye bati au ni waya zipi za katikati hazikupata butili.